Umechomeka kifaa, programu kimya: tutafute tukio linapotelea wapi

Malalamiko karibu siku zote yanakuja na sentensi moja tu, "nimechomeka mizani programu haioni", na anayelalamika yuko kaunta ana foleni ya wateja kwa hiyo usitegemee atakusomea logi. Sasa kabla hujaanza kupekua msimbo wako jua kwamba kati ya kile kichwa cha USB na ile alama ya kijani kwenye skrini yako, tukio linapita mikono mingi: kwanza umeme na waya wenyewe, halafu mfumo endeshi uitambue chipu, halafu draiva ikikamate kifaa na kukipa jina la kuitwa (COM5, ttyUSB0, E: na kadhalika), mwisho ndo ujumbe unaletwa kwenye programu yako. Linaweza kufia popote hapo njiani na kwa mtu wa kaunta dalili ni ileile. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua limefia mkononi mwa nani, kurekebisha kunakuja baadaye.

Nitaongelea Windows zaidi maana kompyuta nyingi za kaunta ndo ziko huko, na mifano itakuwa ya vitu vya dukani: mizani ya serial (mtindo wa zamani wa kuunganisha kwa porti ya COM) iliyopitia adapta ya USB, printa ya risiti, skana ya bakodi. Linux na Mac nitazigusa huko mwishoni.

Hata Windows yenyewe haijaona

Fungua Device Manager, iache wazi, chomeka kifaa huku unaangalia orodha. Kifaa kikiingia orodha inacheza, inajichora upya, na ile sauti ya Windows unaisikia. Kama haikucheza kabisa basi acha msimbo wako ulivyo, tatizo halijafika kwako. Mshukiwa wa kwanza ni waya. Nyaya nyingi zinazokuja na chaja za bei rahisi zina nyuzi za umeme tu, za data hazimo, taa ya kifaa inawaka vizuri kabisa na mtu anakuapia kuwa "inasoma mbona", kumbe inachaji tu. Badilisha waya kwanza, na uwe waya ambao umeshauona ukihamisha mafaili, usichukue tu wowote uliopo mezani.

Mshukiwa wa pili ni habu. Tundu la USB 2.0 linatoa mpaka 500 mA, la USB 3.0 mpaka 900 mA, na habu isiyo na chaja yake mwenyewe inagawana hizohizo kwa kila kitu ulichochomeka juu yake. Unakuta kifaa kinatokea, kinapotea, kinatokea tena, hasa pale skana inapowasha taa yake au mtu anapoongeza fleshi kwenye tundu la pembeni. Hapo utaona matukio mengi kwenye logi na utadhani ni bagi ya programu, wakati ni njaa ya umeme.

Kama orodha imecheza lakini unaona "Unknown USB Device (Device Descriptor Request Failed)" na Code 43, maana yake Windows imehisi kuna kitu, imekiuliza we nani, haikujibiwa. Mara nyingi ni waya, tundu au umeme, mara chache ni kifaa chenyewe kimekufa. Kwenye Linux kitu hichohicho kinaonekana ukiendesha `dmesg -w` halafu ukachomeka, utasoma "device descriptor read/64, error -110" au -71. Ile -110 ni muda umeisha bila jibu, -71 ni mazungumzo yameharibika njiani.

Code 28 ni draiva haipo. Code 10 ni draiva ipo ila imegoma kuanza, na hapo kwenye adapta za serial kuna vituko vyake. Adapta zenye chipu ya PL2303 ya zamani au ya kuigiza, ukiweka draiva mpya, jina la kifaa lenyewe ndani ya Device Manager linageuka kuwa "PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012. PLEASE CONTACT YOUR SUPPLIER", yaani draiva inakutukana kwa herufi kubwa. Na Oktoba 2014 ilisambaa draiva ya FTDI (kampuni ya chipu za adapta za serial) kupitia Windows Update ambayo ilikuwa inaandika PID 0000 ndani ya chipu feki, kwa hiyo kifaa kilichokuwa 0403:6001 (VID, namba ya mtengenezaji, halafu PID, namba ya bidhaa) kikawa 0403:0000 na kikabaki hivyo hata ukikihamishia kompyuta nyingine. Kama programu yako inatafuta VID na PID na kuna kifaa kimoja tu hakionekani wakati vingine vya aina hiyohiyo vinaonekana, angalia hizo namba kwa macho yako, usiamini stika iliyobandikwa juu.

Windows imeona, programu haijapata kitu

Hapa sasa tumeingia kwako. Windows inatangaza mabadiliko ya vifaa kwa ujumbe wa `WM_DEVICECHANGE`, na makosa ya kuukosa yanajirudiarudia.

Kubwa kuliko yote: umetengeneza dirisha la siri la `HWND_MESSAGE` ili likae likisikiliza tu bila kuonekana. Wazo zuri, ila dirisha la namna hiyo halipati matangazo ya jumla, kwa hiyo litakaa hapo hadi kiama. Ama tumia dirisha la kawaida lililofichwa, ama lisajili lenyewe kwa `RegisterDeviceNotification`, maana ujumbe wa kusajiliwa unalifikia hata likiwa la aina hiyo.

Halafu hilo la kusajili ndo watu wanalikosa sana. Bila kusajili unapata matangazo ya diski na ya porti tu, kifaa kama skana ya HID (familia ya kibodi na mause) hakitangazwi kwako kwa jina, unapata `DBT_DEVNODES_CHANGED`, yaani 0x0007, ambayo haina kitu ndani, inakwambia mti wa vifaa umebadilika basi, nini kimebadilika katafute mwenyewe. Kwa hiyo kama logi yako imejaa 0x0007 na hamna hata 0x8000 (kimeingia) wala 0x8004 (kimetoka), jibu unalo, hukusajili, au umesajili na ikakataa na hukuangalia. `RegisterDeviceNotification` ikirudisha sifuri ulizia `GetLastError` papo hapo. Mara nyingi ni `dbcc_size` imepigwa hesabu vibaya, hasa kwa wanaoandika C# waliokopi ule muundo kutoka mahali fulani na kuchanganya herufi za ANSI na Unicode.

Angalia pia umesajili familia gani. Hizi tatu ndo zinatumika zaidi:

USB yoyote: `A5DCBF10-6530-11D2-901F-00C04FB951ED`
Porti za COM: `86E0D1E0-8089-11D0-9CE4-08003E301F73`
HID (skana, kibodi, mause): `4D1E55B2-F16F-11CF-88CB-001111000030`

Ukisajili HID halafu ukasubiri mizani ya serial utasubiri sana.

Kuna na hili dogo linalopoteza saa nzima za watu. Jina linalokuja ndani ya ujumbe linaonekana kama `\\?\USB#VID_1A86&PID_7523#...` na saa ingine herufi zinakuja ndogo, saa ingine kubwa. Ukilinganisha kwa `==` tukio limefika vizuri kabisa na wewe mwenyewe umelitupa. Linganisha bila kujali ukubwa wa herufi.

Kwenye WPF hakuna `WndProc` ya kuandika juu yake kama kwenye WinForms, unachukua `HwndSource` halafu unaweka `AddHook`, na usifanye hivyo kwenye konstrakta maana dirisha halijapata HWND (namba yake ya utambulisho) bado, subiri `SourceInitialized`. Kwenye Qt ni `nativeEvent` au `QAbstractNativeEventFilter`. Na kama programu yako inakimbia kama huduma ya Windows huko nyuma, huna dirisha, unasajili kwa `DEVICE_NOTIFY_SERVICE_HANDLE` na tukio linakuja kama `SERVICE_CONTROL_DEVICEEVENT` kwenye ile kazi uliyoiandikisha kwa `RegisterServiceCtrlHandlerEx`. Ukitumia ile ya zamani isiyo na Ex hulipati.

Kuanzia Windows 8 kuna `CM_Register_Notification` ambayo haitaki dirisha kabisa, na kwa kitu kipya mi ningeanza nayo. Ila ina miiba yake: inakuita kwenye thredi nyingine, siyo ya skrini, kwa hiyo ukigusa kitufe au lebo moja kwa moja kutokea huko programu inaweza kuanguka, tena si kila mara, ndo ubaya wake. Usiite `CM_Unregister_Notification` ukiwa ndani ya kolibeki yake yenyewe (ile kazi inayoitwa tukio likija), mtasubiriana milele. Na kwa C#, ile delegate iweke kwenye fildi ya klasi, ukiiacha hewani kusanya-taka ya .NET (garbage collector) inaipitia, matukio yanafanya kazi dakika chache za mwanzo halafu programu inaanguka na hakuna anayeelewa kwa nini.

WMI (huduma ya Windows ya kuulizia habari za kompyuta) nayo ipo, `Win32_DeviceChangeEvent`, EventType 2 ni kimeingia na 3 ni kimetoka, lakini haikwambii kifaa kipi. Wengi wanaishia kwenye `__InstanceCreationEvent WITHIN 2` ambayo kiukweli ni kuuliza kila baada ya sekunde mbili, ila ni Windows inauliza kwa niaba yako na kompyuta ya kaunta yenye RAM kidogo inaisikia. Kwa skripti sawa. Kwa programu inayokaa wazi kutwa, hapana.

Tukio limefika, ukienda kutafuta porti haipo

Hii ndo dalili ninayoiona inasumbua kuliko zote, kwa sababu kwenye laptopu ya mwandishi inafanya kazi, kwenye kompyuta ya duka inagoma, na inagoma mara moja moja. Angalia logi ya namna hii:

```
10:14:02.118  kimeingia USB VID_1A86&PID_7523
10:14:02.121  natafuta porti: hakuna
10:14:02.640  kimeingia COMPORT COM5
10:14:02.644  nafungua COM5: imekataliwa
10:14:03.150  nafungua COM5: sawa
```

Mstari wa kwanza unasema chipu ya CH340 imeingia kwenye basi la USB. Basi. Draiva haijamaliza kazi, COM5 haijazaliwa. Programu nyingi zinasikiliza tukio hilo la kwanza, zinaorodhesha porti saa hiyohiyo, zinakuta hakuna, zinakata tamaa na hazirudi tena. Kwenye kompyuta yenye kasi draiva inawahi, kwenye ya zamani haiwahi, ndo hiyo tofauti unayoiona. Kama unachotaka ni porti basi sikiliza tukio la porti, na hata hapo usitegemee itafunguka kwa mara ya kwanza, jaribu, subiri kama milisekunde 200, jaribu tena huku unaongeza muda, ukishafika sekunde tatu nne ndo umwambie mtumiaji.

Tukio lichukulie kama kengele ya mlangoni, linakwambia nenda kaangalie, halikwambii ni nani wala kaja na nani. Hili ndo jambo moja ambalo ningependa lishikwe kwenye haya yote. Programu zinazosumbua ni zile zinazojenga ukweli wake juu ya matukio, kimeingia ongeza moja, kimetoka punguza moja, na tukio moja likipotea hesabu imeharibika mpaka mtu aizime na kuiwasha. Programu zinazotulia zinafanya hivi: tukio lolote likija, la aina yoyote, zinawasha saa ya milisekunde 400 hivi, likija lingine saa inaanza upya, ikilia ndo zinaenda kuhesabu vifaa vilivyopo kweli, zinalinganisha na orodha ya mwanzo, na tofauti ndo inayopelekwa kwenye skrini.

Wakati wa kuhesabu, kwenye `SetupDiGetClassDevs` usisahau `DIGCF_PRESENT`. Bila hiyo unaletewa na marehemu, kila kifaa kilichowahi kuchomekwa kwenye ile kompyuta tangu iwekwe Windows, na utashangaa mizani iko "hai" wakati iko kwenye boksi stoo.

Vitu viwili vya kuangalia kwenye huo mtindo wa saa. Kwanza weka kikomo, maana kifaa chenye waya mbovu kinachotoka na kuingia kila robo sekunde kitaianzisha saa upya milele na hautahesabu kamwe, sema ikifika sekunde mbili tangu tukio la kwanza hesabu hata kama bado kunacheza. Pili, mtu akichomoa na kurudisha haraka ndani ya hizo milisekunde 400, ukilinganisha orodha utaona hamna kilichobadilika, COM5 ilikuwepo na COM5 ipo, wakati ile uliyokuwa umeifungua imeshakufa na unaandika hewani. Kwa hiyo ndani ya saa kumbuka kama umeona tukio la kutoka, ukiliona funga ufungue upya bila kujali orodha inasemaje.

Umechomeka kimoja, matukio sita

Siyo bagi. Kifaa kimoja cha USB kinaweza kuwa na sehemu kadhaa ndani, skana nyingi zinajitokeza kama kibodi na HID nyingine pembeni, printa zingine zina printa na diski ndogo ya draiva, na kila sehemu inapiga kengele yake. Ile saa ya juu inamaliza hili bila ujanja mwingine. Usijaribu kuhesabu "tukio la tatu ndo lenyewe", kesho mtengenezaji anabadilisha toleo la ndani na idadi inabadilika.

Programu inaganda, au inatoa 0x8001010D

Umeita WMI au kitu chochote cha COM (ile COM ya Microsoft, siyo porti) ukiwa ndani ya kushughulikia `WM_DEVICECHANGE`. Wakati huo Windows imekuletea ujumbe na inasubiri umalize, hairuhusu upige simu nje, ndo maana ya kosa hilo. Tiba ni kutofanya kazi yoyote ya maana ndani ya ule ujumbe. Pokea, jitumie `PostMessage` au `BeginInvoke`, rudi. Kufungua porti, kusoma faili, kuuliza hifadhidata, vyote hivyo vifanyike nje. Mkawio mdogo hapo unasikika kwenye kompyuta nzima maana wengine nao wako kwenye foleni ya tangazo hilohilo.

Kikichomolewa na kurudishwa hakifunguki tena

Mtu wa usafi kapita, waya umechomoka, umerudishwa, Device Manager inaonyesha COM5 iko sawa, programu inasema imekataliwa. Ukiifunga programu na kuifungua inakubali. Hii ni karibu kila mara wewe mwenyewe bado umeishikilia ile COM5 ya zamani. Kifaa kimeondoka ila hujaiachia, na mpya haiwezi kufunguliwa mpaka ya zamani iachiwe. Linux inakuonyesha jambo hilihili kwa uwazi zaidi, kama `/dev/ttyUSB0` bado imeshikwa, kifaa kikirudi kinapewa `ttyUSB1`, na programu inaendelea kungoja ttyUSB0 ambayo hairudi.

Kwa hiyo funga mara tu unapoona mojawapo ya haya: tukio la kutoka, kusoma kumeshindwa, kuandika kumeshindwa. Usisubiri yote matatu. Wanaotumia `SerialPort` ya .NET wafunge ndani ya try na wawe tayari kufunga kwenyewe kutoe `UnauthorizedAccessException` au `IOException`, porti ikiondoka huku imefunguliwa hayo yanatokea, yameze, andika kwenye logi, endelea.

Programu inasema mizani ipo, na mizani imezimwa

Au kinyume cha malalamiko yote ya mwanzo. Hapa hakuna tukio lililopotea kwa sababu hakukuwa na tukio. Kilichochomekwa kwenye kompyuta ni adapta, adapta inakula umeme wa kompyuta na haijatoka, mizani iko upande wa pili wa waya wa serial na Windows haijui hata kama ni mizani au jiwe. Mtu akibonyeza swichi ya mizani hakuna atakayekwambia.

Watu wanajaribu kusoma DSR na CTS (alama za serial zinazosema upande wa pili uko tayari), na kama waya ni kamili na mizani inazitumia unapata jibu, lakini mizani nyingi zimeungwa kwa nyuzi tatu tu, kutuma, kupokea na ardhi, hapo hizo alama hazina maana. Njia ya uhakika ni kuongea nayo. Kama mizani inatuma uzito yenyewe mfululizo basi ukimya wa sekunde mbili ni habari. Kama inajibu ikiulizwa, iulize kila baada ya muda. Kwenye printa za risiti za ESC/POS (lugha ya amri za printa hizo) kuna ombi la hali ya papo kwa papo, baiti `10 04 01` kwa hali ya printa na `10 04 04` kwa karatasi, na printa nzima inajibu kwa baiti moja. Mwenye kaunta atakushukuru zaidi kwa kumwambia karatasi imeisha kuliko kwa alama ya kijani ya "imeunganishwa".

Bluetooth iko kundi hilihili, porti ya COM ya kifaa kilichooanishwa (paired) inabaki kwenye orodha hata kifaa kikiwa mji mwingine.

Na visoma kadi za SD vina ujanja wao. Kisomaji kipo siku zote, herufi ya diski inaweza kuwepo hata bila kadi, kadi ikiingia hamna kifaa kipya. Unachopata ni tukio la `DBT_DEVTYP_VOLUME` lenye bendera ya `DBTF_MEDIA`. Ukiwa unashughulikia matukio ya USB peke yake hapo hutasikia kitu.

Jana ilikuwa COM5 leo COM7

Chipu nyingi za bei rahisi hazina namba ya seri (serial number) ya pekee ndani yake, na kifaa kisicho na namba hiyo Windows inakitambulisha kwa tundu kilichochomekwa. Ukihamisha tundu, kwake ni kifaa kipya, kinapewa namba mpya. Kwa hiyo usimwandikie mtu "COM5" kwenye setingi halafu ukalala, tafuta kwa VID na PID kila unapohesabu, na kama kuna adapta mbili zinazofanana kabisa basi ama ziongeleshe ujue ipi ni mizani, ama uandike rangi ya tundu. Kwenye Linux tumia `/dev/serial/by-id/`, na kwa zisizo na namba kuna `by-path` ambayo ni ya tundu.

Printa za USB kwenye Windows zina toleo lao la ugonjwa huu, ukihamisha tundu inazaliwa printa ya pili yenye "Copy 1" mwishoni na risiti zinaenda kwenye ile ya kwanza ambayo haipo, zinajipanga foleni kimya kimya. Ikirudishwa tundu la zamani wiki ijayo zinatoka zote kwa mpigo.

Asubuhi haioni, ukichomoa na kuchomeka inaona

Kuna sababu mbili. Ya kwanza, kifaa kilikuwa kimeshachomekwa kabla programu haijawashwa, na kilichopo tayari hakina tukio. Ni lazima uhesabu wakati wa kuanza. Mpangilio una maana: sajili kwanza kusikiliza, halafu ndo uhesabu. Ukihesabu kwanza kuna upenyo mdogo katikati ambapo kitu kinaweza kuingia bila kuonekana na yeyote.

Ya pili, kompyuta ililala. Ikiamka vifaa vingine vinatoka na kuingia upya, vingine vinabaki jina lilelile ila havijibu. Sikiliza `WM_POWERBROADCAST` yenye `PBT_APMRESUMEAUTOMATIC`, ikija funga porti zote, subiri sekunde chache, hesabu upya. Pia kwenye Device Manager, kwenye habu ya USB, upande wa Power Management, toa tiki kwenye ile ya kuruhusu kompyuta izime kifaa kuokoa umeme. Kwenye kompyuta ya kaunta mi huwa naitoa bila kuuliza.

Fleshi inakataa kutolewa, "bado inatumika"

Ni programu yako, umefungua faili humo. Sajili kwa `DBT_DEVTYP_HANDLE`, utaulizwa kwa `DBT_DEVICEQUERYREMOVE`, funga faili haraka ukubali. Ikija `DBT_DEVICEQUERYREMOVEFAILED` maana yake mwingine kakataa, unaweza kufungua tena.

Linux na Mac kwa kifupi

Kwenye Linux anza na `udevadm monitor --kernel --udev --property` halafu chomeka. Utaona tukio moja likija mara mbili, la kerneli na la udev (huduma ya Linux inayoandaa vifaa). Programu yako isikilize la udev, maana la kerneli linafika kabla ruhusa za faili ndani ya `/dev` hazijawekwa, unafungua unanyimwa, sekunde moja baadaye unafungua inakubali, na unaanza kulaumu mizimu. Ukinyimwa siku zote basi mtumiaji hayumo kwenye kundi la `dialout`. Kifaa kinachotokea na kupotea papo hapo kwenye Ubuntu 22.04, kama ni CH340 ya 1a86:7523, mtazame `brltty`, ni programu ya wasioona inayodhani adapta yako ni kifaa cha breli na kuikamata, kama hakuna anayeihitaji kwenye hiyo mashine iondoe. ModemManager nayo inapenda kuzitekenya ttyACM ikidhani ni modemu. Na kifaa kikishatoka usiende kusoma sifa zake kwenye sysfs (mafaili ya `/sys`), hazipo tena, ulitakiwa kuzihifadhi wakati kinaingia.

Kwenye Mac, ukitumia `IOServiceAddMatchingNotification`, tukio linakuja mara ya kwanza halafu kimya, au halianzi kabisa: hujaimaliza ile orodha uliyopewa. Lazima uipitie mpaka mwisho kila mara, hata kama huna shida na vilivyomo, ndo kengele inawekwa tena.

Wanaotumia libusb (maktaba ya kuongea na vifaa vya USB) wakitegemea itawasikilizia kote, waulize kwanza `libusb_has_capability(LIBUSB_CAP_HAS_HOTPLUG)`. Kwa miaka mingi upande wa Windows jibu lilikuwa hapana. Likiwa hapana, hesabu mwenyewe kila sekunde moja au mbili kwenye thredi ya pembeni. Watu wanaona aibu kufanya hivyo, lakini kwa programu yenye vifaa vitatu ni njia halali kabisa.

Kabla hujapeleka dukani

Ukiwa unajaribu usichomeke kwa adabu. Ingiza kichwa cha USB pole pole na kwa upande, chomoa katikati ya kuandika, rudisha kabla sekunde haijaisha, hamisha tundu, laza kompyuta kifaa kikiwa ndani na uiamshe kikiwa nje, washa programu kifaa kikiwa tayari kimo. Kama kompyuta iko mbali na we uko nyumbani, Windows 10 za karibuni zina `pnputil /disable-device` na `/enable-device`, na Linux unaandika 0 halafu 1 kwenye faili ya `authorized` ya kifaa huko `/sys/bus/usb/devices`, inakaribia kuchomoa kweli ingawa waya mbovu haiigizi. Logi yako iandike kila tukio na muda mpaka milisekunde, aina yake, jina zima lililokuja, na matokeo ya kuhesabu baada yake, na ile faili iwe mahali ambapo mtu wa kaunta anaweza kuipiga picha na kukutumia kwa WhatsApp.